Daftari la Mapaa, Boulder 2010

Jumanne, 23 Machi

Theluji tena. Machi inaishia na bado theluji.

Mzee wa funguo amenipandisha mapaa matatu, pumzi juujuu, mlango baada ya mlango, neno hana. La tatu ndipo akauliza: hii antena yenu inazunguka? Haizunguki, mzee. Imesimama palepale. Kinachozunguka ni mwale wake. Akanitazama kwa jicho la mtu anayeona anafungwa kamba.

Nikamchorea kwa kidole kwenye vumbi la mlango. Vijiti 8 vimepangwa duara. Vyote vinarusha wimbi lilelile, ila kila kimoja kinacheleweshwa kidogo, hiki zaidi ya kile. Upande mmoja mawimbi yanakutana kilele kwa kilele, yanasaidiana. Upande mwingine kilele kinaangukia bondeni, yanauana. Badilisha uchelewaji tu, mwale umeshahamia upande mwingine kabla hujafumba na kufumbua. Hakuna mota. Hakuna cha kutia mafuta.

Hilo la mota lilimwingia. Maisha yake yote amehangaika na mota zinazofia juu ya mapaa.

Sharti moja walilotupa wenye majengo: hakuna kutoboa. Hata tundu la msumari. Paa likitobolewa dhamana yake inakufa. Basi milingoti yote itasimama kwa uzito.

Usiku nimejiuliza kwa nini tunajitesa nje. Chuo cha Rutgers wana ORBIT yao, mtandao wa majaribio, redio 400 ndani ya ukumbi mmoja, 20 kwa 20, pakavu, pana joto. Lakini mwale ndani ya ukumbi una nafasi gani? Unagonga ukuta kabla haujajijua kuwa ni mwale. Hapana. Nje. Nje ndiko kwenyewe.

Vidole bado vinauma kwa baridi.

Alhamisi, 8 Aprili

Mgongo. Mgongo wangu, mama yangu!

Matofali ya zege siku nzima. Lifti inaishia ghorofa ya mwisho, kutoka hapo ni ngazi ya chuma, na tofali halijipandishi. Mkolombia wetu anabeba mawilimawili huku anaimba. Namchukia kwa upendo.

Profesa anayenisimamia kaja, kaangalia, kasema ongezeni. Kila anayeishi hapa ana hadithi ya upepo wa Chinook, ule unaoporomoka kutoka milimani wakati wa baridi. Januari 1982 ulivuka kilomita 200 kwa saa. Kwa hiyo tumeongeza. Sitaki kusikia mlingoti wetu umeonekana kwenye maegesho ya magari.

Waya wa ethi nimefunga mwenyewe. Shaba nene, kutoka mlingotini hadi kwenye mfumo wa radi wa jengo, bila kona kali, maana radi haipendi kona. Kikinga radi kwenye kebo ya antena. Kingine kwenye waya wa mtandao, ule unaobeba na umeme. Kwenye ethi simwamini mtu.

Kisha dira. Tumebishana saa nzima. Ukisimama katikati ya paa kaskazini iko hapa, ukisogea hatua mbili kuelekea mlingoti kaskazini imekimbia. Chuma chote kile! Na hata dira ikisema kweli, kaskazini yake si ya kwenye ramani. Sehemu hizi zinapishana kama digrii 9. Antena yetu ina mielekeo 16, kila mmoja digrii 22.5. Ukipotea digrii 9 umekula karibu nusu ya hatua. Tukaacha dira mfukoni, tukachukua ramani na darubini, tukapiga mstari hadi kwenye jengo la NCAR, kituo cha utafiti wa anga kule mlimani, lile alilolichora I. M. Pei. Halihami lile.

Nimelala sebuleni na viatu.

Jumamosi, 17 Aprili

IMEITIKA.

Paa la kaskazini limelipata paa la kusini. Mwelekeo wa 3 kimya, wa 4 minong'ono, wa 5 ikafunguka! Namba zikaruka kwenye skrini, mimi nikaruka kwenye kiti. Mkolombia akapiga meza. Karibu kilomita moja, gigahezi 2.4. Umbali huo peke yake unakula desibeli 100 hata kama hakuna kizuizi chochote njiani, na bado tukasikia.

Nikampigia dada, nikasahau kwao ni alfajiri. Akadhani kuna msiba. Nilipomweleza akanyamaza, kisha: "Kwa hiyo mdogo wangu, miaka yote hiyo ya shule umekwenda kugeuza antena?"

Tukacheka sana. Maana sote tulimkumbuka kaka juu ya bati pale nyumbani Chumbageni, Tanga, ameshika bomba la antena ya televisheni, na sisi dirishani: hapo! hapohapo! usiguse! umeharibu! Ndiyo hii hii, dada. Badala ya kaka kuna programu, na badala ya kelele za dirishani kituo cha pili kinarudisha namba. "Kaka angekufanyia bure," akasema.

Kadi ya simu imekata hapo. Siwezi kulala. Furaha nayo ina uchovu wake.

Jumatano, 12 Mei

Kuna kitu kinanila.

Kiungo cha mashariki kinashuka. Si kwa siku moja, hapana, kinaporomoka polepole wiki hadi wiki. Nimefungua konekta zote, nimezungushia tepu mpya ya mpira, nimebadilisha kebo. Hakuna maji. Ethi safi. Mkolombia anasema kadi ya redio imechoka. Nimebadilisha kadi. Bado.

Jioni nimepanda tena, nikakaa tu nikitazama upande wa mashariki. Nikaona. Miti!

Aprili ilikuwa fito tupu. Sasa ile mikubwa ya kando ya kijito imevaa majani, mabichi, yamejaa maji. Nilipoweka mlingoti nilitazama mstari wa jicho, ukapita juu ya matawi bila kugusa. Lakini wimbi halipiti kwenye uzi. Kwa kilomita moja na masafa yetu haya, pale katikati linataka nafasi ya mita tano na nusu hivi kila upande. Miti haikuwa kwenye mstari. Ilikuwa kwenye nafasi, ikisubiri kuota.

Sijui nilie au nicheke. Mtandao niliopima Aprili haupo tena. Sijagusa hata skurubu na haupo tena.

Profesa kwa barua pepe: basi tumia takwimu za Aprili. Maneno hayohayo tu, na nukta.

Ijumaa, 11 Juni

Leo tumeichukua antena moja hadi uwanda wa nyasi, nje ya mji. Hakuna jengo, hakuna mti, milima iko mbali. Tumeiweka kwenye meza ya kuzunguka, kituo cha pili kwenye gari, tukapima hatua kwa hatua duara zima. Kwenye redio ya gari Afrika Kusini na Mexico. Tshabalala alipofunga nilikuwa nimeshika bisibisi, nikapiga kelele hadi Mkolombia akadhani nimeshikwa na umeme. Kombe la Dunia kwetu! Nasema kwetu, ndiyo. Leo Johannesburg ni kwetu.

Na mwale ukatoka mzuri. Mzuri kweli, wa kutundikwa ukutani. Mmoja mkuu, na midogo ya pembeni pale hesabu ilipotabiri, na mashimo ya ukimya kati yake. Nilimkumbuka Karl Ferdinand Braun na antena zake tatu, 1905, akichelewesha moja ili mawimbi yaende upande anaoutaka. Watu wanamjua Marconi tu. Nobeli ya 1909 waligawana.

Kwa mbali kulionekana Table Mountain, ule mlima bapa wa kaskazini ambako redio kali hazitakiwi ili vipimo vya serikali visikie vizuri. Nikaona wivu. Ukimya uliowekewa sheria.

Tatizo ni kwamba hakuna anayeishi kwenye uwanda wa nyasi. Nimesoma makala juu ya makala, mwale umechorwa pembe iliyokatwa kwa rula: ndani mna mawasiliano, nje kimya kabisa. Juu ya pembe hiyo wanajenga itifaki nzima, wanaiendesha kwenye kompyuta, wanapata mitandao yenye kasi ya ajabu. Wengine hata ile midogo ya pembeni hawaiweki. Ni rahisi kushinda vita ambayo adui umemchora mwenyewe.

Nimeungua pua. Mtandio umeokoa shingo.

Ijumaa, 2 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Mechi ya Ghana ilianza saa sita na nusu mchana, nami nilikuwa na zamu ya paa hadi wingu litakaponishusha. Julai ya huku ni hivyo, asubuhi bluu, mchana mawingu yanapanda nyuma ya majabali ya Flatirons, kisha radi. Sheria yetu: ukisikia mngurumo, shuka, hata kama umeshika spana kwenye nati ya mwisho. Nikawa naomba mngurumo. Mungu anisamehe.

Ukaja. Nikashuka mbio, nikaingia maabara, muda wa nyongeza unakwisha. Moja moja. Kila Mwafrika wa jengo hili alikuwa pale, na Wahindi, na Wachina, wote Ghana. Mpira unaingia, unaingia kabisa, Suárez anautoa kwa mikono. Kwa mikono! Kadi nyekundu, penalti, Gyan, mwamba wa juu.

Ikaja mikwaju. Siandiki mikwaju.

Nje radi ilikuwa ikipiga kwelikweli. Saa kumi jioni paa la magharibi likazima. Nikajua imekwisha. Mvua ilipokatika nikapanda na tochi na moyo mdomoni: kikinga radi cha waya wa mtandao kimekufa, kimeungua cheusi. Antena nzima. Redio nzima. Kimekufa kikinga tu. Nikakibadilisha pale pale, kituo kikaamka.

Siku nyingine ningeshangilia.

Jumanne, 20 Julai

Takwimu. Takwimu. Macho mekundu.

Kituo cha magharibi kinapaswa kusikika vizuri zaidi kwenye mwelekeo wa 4, ndio unaokitazama. Kinasikika vizuri zaidi kwenye wa 11. Wa 11 unatazama upande mwingine kabisa! Nimekagua lebo, nimekagua waya, nimekagua programu, nimemwamsha Mkolombia. Hakuna hitilafu.

Leo mchana nimesimama pale pale paani, nikanyoosha mkono upande wa 11, nikafuata kidole. Jengo refu, ukuta mpana, madirisha ya chuma. Mwale unaondoka, unaugonga, unarudi nyuma hadi magharibi, ukiwa mzima kuliko ule uliopita katikati ya majani. Kituo changu kinampata jirani kwa kumpa mgongo.

Nimekaa chini kwenye changarawe ya paa nikacheka peke yangu.

Kwa hiyo ule mchoro wa uwandani, mzuri, wa ukutani, ndani ya mji ni nusu ya habari. Nusu nyingine imeandikwa na kuta. Huwezi kuiambia antena "mtafute magharibi". Lazima ijaribu pande zote 16, iulize, ikumbuke, kisha majani yakiota iulize tena. Hili ndilo nataka kuliandika. Hili tu, hata mengine yote yakitupwa.

Na uziwi nao upo, nimeuona kwa macho. Kituo A kimemgeukia B wanazungumza, C anamwita A kutoka ubavuni, A hasikii. C anadhani kuna msongamano. Anasubiri, anaita, kimya, anasubiri maradufu, anaita, kimya, maradufu tena. Hakuna msongamano wowote. Amepewa ubavu tu. Kwenye makala hili ni aya moja ya heshima, juu ya paa ni dakika nzima ya mtu kuita bure.

Tena kelele za mchana. Saa sita hadi saa saba kila siku ya kazi, sakafu ya kelele inapanda kila upande. Oveni za maikrowevu! Jiji zima linapasha moto chakula cha mchana kwenye masafa yetu.

Alhamisi, 19 Agosti

Saumu ya huku ni ndefu. Daku saa kumi usiku, jua linazama karibu saa mbili. Katikati ni paa, changarawe yenye moto, helmeti juu ya mtandio. Mkolombia ananificha chupa yake ya maji, namwambia kunywa tu, bwana, saumu ni yangu. Bado anajificha nyuma ya mlingoti.

Profesa kauliza kuhusu nguvu. Swali zuri, si la kukwepa. Ukikusanya nguvu upande mmoja unafika mapema kwenye ukomo wa wati 4, ambao ndio wa antena za kurusha kwa wengi. Mpaka 2004 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huku, haikujua iziweke wapi antena za namna hii. Tangu mwaka huo mwale unaoelekezwa unaruhusiwa kuhesabiwa kwa masharti nafuu, yale ya kiungo cha sehemu moja hadi nyingine. Nimepiga hesabu mwelekeo kwa mwelekeo. Tuko ndani.

Nimefuturu peke yangu. Tende, chapati ya dukani, uji niliojipikia bila pilipili manga ya kutosha. Nikampigia dada. Habari za kampeni, picha za wagombea kila nguzo, bei ya sukari. Anasema waya wa intaneti wa SEACOM, ule wa chini ya bahari, umeshuka Dar tangu mwaka jana na kwake intaneti bado inatambaa. "Hiyo antena yako itafika lini Tanga?"

Sikuwa na jibu la kumpa, nimebaki na swali lake. Kwa kweli kwa umbali wa kwetu, toka milima ya Usambara kwenda chini tambarare, dishi la kawaida lililokazwa kwa boliti linatosha. Ermanno Pietrosemoli na wenzake walivuka kilomita 382 kwa Wi-Fi kule Venezuela mwaka 2007, kilele hadi kilele, na hakuna mwale uliogeuzwa kwa programu. Huu wangu ni wa mjini, wa kusongamana, wa jirani wengi wanaogombea hewa moja. Kariakoo, labda. Kariakoo ingenitoa jasho. Kuta zipo, bati zipo, na kila mwezi ghorofa jipya.

Ukimuuliza Profesa atasema hilo si swali la sura hii ninayoandika.

Jumatatu, 6 Septemba

Sikukuu ya wafanyakazi huku, jengo tupu. Nilipanda asubuhi kubadilisha swichi. Upepo mkavu. Saa nne na kitu nikaona moshi nyuma ya vilima vya magharibi, mwembamba. Adhuhuri ulikuwa umekula nusu ya anga. Jua likawa jekundu, la kutazamika kwa macho. Majivu yanadondoka juu ya kompyuta yangu, vipande vyepesi, vingine bado vina umbo la jani.

Fourmile Canyon, wanasema. Watu wanahamishwa. Mmoja wa maabara anaishi huko juu, hapokei simu.

Nimefanya nini? Nimepima. Nina aibu kidogo kuandika. Mikono ilitaka kazi. Moshi mzito ule, mlima hauonekani, na kiungo cha magharibi hakikutikisika hata desibeli moja. Chembe za moshi ni ndogo mno mbele ya wimbi la sentimita 12 na nusu, wala halijui kama zipo. Jicho langu halioni paa la jirani, redio inaliona.

Saa kumi na moja jioni amepokea. Wako salama, yeye na paka. Nyumba hajui.

Ijumaa, 10 Septemba

Idi. Baraza la Idi limejaa Wasomali, Walibya, Wamalaysia, na mimi Mtanga peke yangu na leso yangu. Biriani lilikuwepo, shukrani.

Moto bado unafuka. Zaidi ya nyumba 160 zimekwenda. Ya mwenzetu imebaki, ya jirani yake haipo. Msikitini wamepitisha kapu.

Sijagusa takwimu leo.

Jumapili, 26 Septemba

Majani yanageuka manjano. Kiungo cha mashariki kinapanda, taratibu, kama nilivyotabiri, na Mkolombia amenidai chakula kwa sababu alibisha. Ni mimi ninayepaswa kulishwa! Tutaona.

Rasimu imerudi kutoka kwa Profesa, wino mwekundu. Sura ya uziwi imempendeza. Mchoro wa uwandani anautaka ukurasa wa kwanza, mkubwa. Ule wa mwelekeo wa 11 anaona unachanganya msomaji, uende kiambatisho. Na pembeni ya jedwali la majira: ondoa Mei na Juni, bakiza Aprili, picha itakuwa safi.

Nimeizunguka meza. Nimepika chai. Nimeacha ikapoa.

Naelewa anachotaka. Wahakiki watauliza kwa nini namba zinacheza. Ukiwapa Aprili peke yake hawaulizi. Lakini mtu atakayeweka antena zake Aprili, mahali pengine, kwa kusoma jedwali langu, Mei atafungua konekta zote kama nilivyofungua mimi, na miti itakuwa inamtazama.

Nimerudisha Mei na Juni. Mwelekeo wa 11 nimeutoa kwenye kiambatisho, nimeuweka ukurasa unaofuata ule mchoro wa uwandani, ukubwa uleule. Chini ya kila jedwali nimeandika tarehe na hali ya miti: fito, majani, manjano. Mistari ya fito za Novemba iko wazi bado, tutapima yakishapukutika.

Rasimu inarudi kwake kesho asubuhi. Atapiga simu kabla ya saa nne, namjua.